Nani Shahidi wa Wokovu?

MZEE WA UAMSHO: Mkristo asiyeweza kueleza alivyovuka kutoka mautini kuingia uzimani hana budi kuulizwa kama aliwahi kuvuka. Swali hilo halikubuniwa na wahubiri wa viwanjani wa siku hizi, bali ndilo lililozaa Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani ile harakati ya toba iliyochipuka miongoni mwa Waanglikana wa Uganda na Rwanda baada ya Simeoni Nsibambi, Mganda wa Kampala, kukutana Namirembe mwaka 1929 na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, na wote wawili kukiri kwamba wamechoshwa na dini isiyo na nguvu. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kufundisha wainjilisti, na mwanzoni mwa 1936 alikuwa akiandaa hoja za kupeleka mbele ya sinodi ya Uganda: kwa nini Kanisa limepoa kiasi hiki, na kwa nini watu wanaoishi katika dhambi iliyo wazi wanakaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Alifariki Januari ya mwaka huo kabla ya sinodi kuketi, lakini hoja zake hazikuzikwa naye. Vitabu vya ubatizo wakati huo vilikuwa vimejaa, kwa kuwa jina la Kikristo ndilo lililofungua mlango wa shule na wa kazi ya ukarani, ilhali waliobatizwa waliendelea kuiba, kulewa na kwenda kwa waganga usiku. Kwa hiyo wokovu si kuandikishwa, bali ni tendo la Mungu linalomkuta mtu, likamvunja, likamsamehe kwa damu ya Yesu, na mtu huyo akajua kwamba limetendeka.

PADRI: Hoja za Kigozi ni za haki, na hakuna paroko mkweli ambaye hajajiuliza hayo hayo. Tatizo liko katika maneno ya mwisho ya Mzee, kwamba mtu akajua. Mtaguso wa Trento, ulioitishwa na Kanisa Katoliki kujibu mafundisho ya Martin Luther na wenzake, ulitoa mwaka 1547 tamko refu kuhusu kuhesabiwa haki, yaani namna Mungu anavyomfanya mwenye dhambi kuwa mwadilifu mbele zake, na humo ukakataa fundisho kwamba mtu analazimika kuamini bila shaka yoyote kuwa yeye binafsi amekwisha kupokea neema hiyo. Sababu yake haikuwa kutilia shaka ahadi ya Mungu, kwa maana ahadi hiyo haiyumbi. Kinachoyumba ni moyo wa anayejipima, ambao ni hodari wa kujidanganya. Mtume Paulo mwenyewe anautaja wokovu kwa nyakati zote tatu: anawaandikia Waefeso kama watu waliokwisha kuokolewa, anawaandikia Wakorintho kama watu wanaoendelea kuokolewa, na anawaambia Warumi kuwa wataokolewa. Pamoja na hayo yote, anakiri hofu yake kwamba yeye aliyewahubiria wengine aweza kukataliwa. Ikiwa Paulo alisema hivyo, muumini wa Bukoba au Kabete anayesimama Jumapili na kutangaza kuwa jambo limekwisha amepata wapi uhakika ambao mtume hakuwa nao?

MZEE WA UAMSHO: Baba Padri anaupiga Uamsho usiokuwapo. Hakuna ndugu aliyelelewa katika ushirika, yaani mkutano wa kila juma wa waliookoka, aliyefundishwa kwamba jambo limekwisha na sasa ni kulala. Alifundishwa kutembea nuruni, maana yake kutoficha chochote mbele ya Mungu na mbele ya ndugu, na kuileta msalabani dhambi ya juma hili sawasawa na ile ya miaka ishirini iliyopita. Tena alifundishwa kurudisha. Aliyeiba jembe la misheni alilibeba mchana kweupe na kulirudisha, aliyekwepa kodi alikwenda kwa ofisa wa wilaya kuilipa, na aliyemdhulumu jirani mpaka wa shamba alimwita jirani huyo wakausogeza pamoja. Zakayo alipoahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya, Bwana hakumwambia kuwa wokovu utaifikia nyumba yake siku moja akidumu vizuri, bali kwamba umeifikia leo. Kuhusu uhakika, anayeungama kuwa ameokoka hajipimi moyo, anamtaja aliyemwokoa. Kunyamaza kwa kisingizio cha unyenyekevu ni kumnyima Mungu shukrani kwa jambo alilolitenda.

PADRI: Kurudisha ni tunda jema, na laiti Wakatoliki wangelijifunza zaidi. Lakini ushirika huo huo uliwataka watu waungame hadharani, na hapa desturi ya Kanisa Katoliki ina hekima ambayo Uamsho ulilazimika kuitafuta baadaye kwa gharama. Sakramenti ya Kitubio, ambamo mtu huungama dhambi zake kwa padri na kupewa maondoleo, imefungwa kwa muhuri wa siri usioruhusiwa kuvunjwa kwa sababu yoyote. Mwanamume anayesimama mbele ya mkutano na kuungama uzinzi hajiungamii peke yake, kwa kuwa kijijini kila mtu anajua ni na nani; mwanamke ambaye hakuomba kuungamiwa ameshahukumiwa kabla Tukutendereza, wimbo wa Uamsho, haujaisha. Wazee wa Uamsho wenyewe waliona madhara hayo na kuanza kuwazuia watu wasitaje mambo ya namna hiyo mkutanoni. Lipo na jingine. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Askofu Tucker pale Mukono, wanafunzi zaidi ya 20, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kugoma kuacha mikutano yao ya alfajiri, ambamo waliwahubiria wenzao na walimu wao kama watu wasiookoka. Fundisho linalomfanya mtu ajue kuwa ameokoka halikawii kumfanya ajue pia nani hajaokoka.

MHADHIRI WA THEOLOJIA: Mukono haikuwa kosa la upande mmoja, kwani wanafunzi wale waliyaona mafundisho ya chuo yakiyalegeza Maandiko, na uongozi uliona utii ukivunjwa. Inafaa kuongeza jambo ambalo wanaume wawili wanaojadiliana hapa wamelipita. Katika makanisa ambayo mimbari haikuwa ya mwanamke, ushuhuda wa wokovu ulimpa haki ya kusimama mbele ya wachungaji na kusema yale ambayo Mungu amemtendea, na hakuna askofu aliyeweza kumwambia kuwa hakutendewa. Mwanamke aliyeumizwa na maungamo ya mwingine, ambaye Padri amemtetea vizuri, na mwanamke aliyepata sauti kwa maungamo yake mwenyewe, mara nyingi walikaa katika mkutano mmoja.

Hata hivyo, kuna swali lililotangulia ambalo bado halijaulizwa: mtu anaokolewa kutoka katika nini? Mitaguso ya kiekumene, yaani ile ya Kanisa zima la kale, ilitunga imani kuhusu Utatu na kuhusu nafsi ya Kristo kwa maneno makali yaliyopimwa, lakini hakuna hata mmoja uliopitisha nadharia rasmi ya jinsi msalaba unavyookoa. Kwa Athanasio wa Aleksandria, karne ya nne, binadamu alikuwa anaoza na kurudi katika kutokuwako, na Neno alifanyika mwili ili ampe kutoharibika. Kanisa la Kiorthodoksi hadi leo linautazama wokovu kama kushirikishwa uhai wa Mungu. Kwa Anselm, askofu mkuu wa Canterbury aliyeandika mwishoni mwa karne ya 11, dhambi ni deni la heshima ambalo binadamu lazima alilipe na ambalo Mungu peke yake anaweza kulilipa. Luther alimweka mtu mahakamani, akiachiliwa kwa haki isiyo yake. Mzee na Padri wanabishana kuhusu hati ya kuachiliwa, mmoja akisema imeshakabidhiwa na mwingine akisema kesi haijafungwa, ila wote wawili wamekubali kimyakimya kwamba wokovu ni habari ya mahakamani.

PADRI: Si kimyakimya kiasi hicho. Teolojia ya sakramenti inamhesabu mbatizwa kuwa kiungo cha mwili, si mshtakiwa tu, na ndiyo maana maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao. Tena kuhusu hati hiyo, ugomvi umepungua kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg nchini Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini Azimio la Pamoja kuhusu Fundisho la Kuhesabiwa Haki, na baadaye Wamethodisti na makanisa ya Kireformati wakajiunga nalo. Humo pande zote zinakiri kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema peke yake na si kwa stahili yake, na sehemu nzima imetengewa uhakika wa wokovu, ambapo Wakatoliki wanakubali kwamba muumini anaweza kuitegemea ahadi ya Mungu bila kusita, hata anapoutazama udhaifu wake mwenyewe.

MZEE WA UAMSHO: Ikiwa wanaweza kukubali hayo Ujerumani kwa kalamu, basi mama wa Kiziba anayeyasema kwa mdomo ameambiwa kwa nini na paroko wake kuwa ana majivuno?

(Swali hili halikujibiwa, na kwa haki lilistahili jibu, kwa sababu maridhiano yaliyotiwa saini Augsburg yamechelewa sana kufika kwenye mimbari za vijijini, za Kikatoliki na za Kiprotestanti pia.)

MHADHIRI WA THEOLOJIA: Swali la kuokolewa kutoka katika nini bado limesimama. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikutana Bangkok mwishoni mwa 1972 na mwanzoni mwa 1973 chini ya mada ya wokovu leo, na wajumbe wengi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakasisitiza kuwa wokovu hauwezi kutenganishwa na ukombozi wa watu wenye njaa na waliotawaliwa. Mmoja wa waliokuwa wamewasha moto huo ni John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, aliyependekeza mwaka 1971 kwamba wamisionari na fedha za kigeni visimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Gatu alikuwa mtu wa Uamsho, mwenye ushuhuda wake wa kuokoka, wala hakuona kuwa ushuhuda huo unamzuia kuuliza nani anashika mfuko wa Kanisa. Mwaka 1977 Fungamano la Kilutheri lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, ambapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wake, na mkutano huo ukatamka kwamba kuukataa mfumo wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, si siasa ambayo Wakristo wanaruhusiwa kutofautiana. Kibira naye alitoka katika nchi iliyotikiswa na Uamsho. Anayesema kuwa ameokoka, huku akinyamazia sheria inayomfanya jirani yake kuwa nusu mtu, ameokolewa kutoka katika nini hasa?

MZEE WA UAMSHO: Wokovu ukiwa kila kitu, utakuwa si kitu. Shule ni njema, uhuru ni mwema, na chakula ni chema, lakini mtu aliyeshiba na kuwa huru bado anaweza kumchukia ndugu yake. Historia inaonyesha kwamba waliosimama imara mbele ya dhuluma ni wale waliokwisha kumalizana na kifo. Katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, kuanzia 1952, waliookoka wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau kwa kuwa walikuwa wamekunywa damu nyingine, ile ya Kristo, na wengi wao wakakataa vilevile kubeba bunduki ya serikali ya kikoloni. Wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeokoka mwaka 1948, alisimama na maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji, naye akauawa Februari 1977. Luwum hakuhitaji azimio la Bangkok. Alihitaji kujua alikokuwa akienda.

MHADHIRI WA THEOLOJIA: Mfano wa Luwum una uzito usiopingika, na ule wa Kikuyu pia, ingawa aliyenyang'anywa ardhi aliweza kuuliza kwa nini aliyeokoka anakataa kiapo lakini hana neno kuhusu shamba. Basi na ielezwe Rwanda. Gahini iko Rwanda. Nchi iliyokuwa chimbuko la Uamsho, ambayo sensa ya 1991 iliwahesabu wananchi wake karibu tisa kati ya kumi kuwa Wakristo, ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu walikimbilia makanisani Nyarubuye, Ntarama na Nyamata kwa kuwa walijua makanisa ni mahali pa wokovu, na waliuawa humo humo, mara nyingi na watu waliokuwa wakisali nao. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mchungaji Mwadventista mwaka 2003 na padri Mkatoliki mwaka 2006. Sakramenti haikumzuia mmoja, wala mahubiri ya toba hayakumzuia mwingine.

MZEE WA UAMSHO: Waliofanya hayo hawakuwa wameokoka. Mti hujulikana kwa matunda yake, na wako waliookoka kweli waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao.

MHADHIRI WA THEOLOJIA: Wako, na kumbukumbu yao ni takatifu. Lakini jibu hilo lina gharama ambayo Mzee hajaihesabu. Ikiwa muuaji aliyetoa ushuhuda kwa miaka mingi, akaimba, akaungama na kupokelewa na ushirika hakuwa ameokoka, basi ushirika haukuwa na uwezo wa kujua nani ameokoka, na yeye mwenyewe, ambaye yamkini aliamini kila neno alilolitamka, hakuwa na uwezo huo pia. Hoja yote ya Uamsho ilisimama juu ya kujua. Ukiuondoa ujuzi huo kila mara tunda linapokuwa baya, hakuna ushahidi wowote duniani unaoweza kuupima, na kinachobaki ni kile ambacho Trento ilikisema mwaka 1547.

PADRI: Trento haiwezi kuupokea ushindi huo, wala isipewe. Waliouawa Nyarubuye waliuawa katika parokia, mbele ya altare, na watu waliobatizwa kwa maji yale yale. Ikiwa Uamsho uliamini mno mdomo wa mtu, Kanisa Katoliki liliamini mno daftari lake, likahesabu watoto waliobatizwa na ndoa zilizobarikiwa huku kitambulisho cha kabila kikiwa na nguvu kuliko maji ya ubatizo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba Kanisa Katoliki halikuahidi kamwe kuwa neema haiwezi kupotea. Aliyepewa anaweza kuitupa, na baadhi waliitupa wakiwa na panga mkononi.

MZEE WA UAMSHO: Katika Uganda walitokea Bazukufu, yaani walioamka tena, waliowaambia ndugu zao wa zamani kuwa wamelala, wakahesabu hata mkopo kuwa dhambi. Wengi waliwaona wakali kupita kiasi, na pengine walikuwa hivyo, ila jambo moja walilishika sawa: kwamba ushuhuda wa zamani huoza. Huenda ndugu wa Gahini walihubiri toba ya jembe lililoibwa na chupa ya pombe, wasihubiri toba ya kumwita jirani kwa jina la chuki, kwa sababu chuki hiyo ilikuwa imekaa pande zote za ukumbi na hakuna aliyeiona kuwa ni giza. Hilo ni lawama kwa wahubiri. Halimfanyi Mungu kuwa mwongo alipowasamehe waliotubu.

MHADHIRI WA THEOLOJIA: Basi tuhame kutoka kwa wale walioitupa neema, twende kwa wale walioiokota baadaye. Katika mahakama za gacaca, yale mabaraza ya vijijini ya Rwanda yaliyosikiliza kesi za mauaji hadi yalipofungwa mwaka 2012, aliyekiri na kuomba radhi alipunguziwa adhabu, na magerezani wengi walitangaza kuwa wameokoka. Tuseme mmoja wao alimuua mwalimu wa shule, mtu mwema asiyekuwa na dini ya maana, aliyekwenda kanisani kwa arusi na mazishi tu. Muuaji ametubu, ameamini, ameokoka. Mwalimu alikufa bila ushuhuda. Kwa mantiki ya Mzee, yule aliyeua ataingia na yule aliyeuawa atabaki nje, na aliyemnyima mwalimu muda wa kutubu ni huyo huyo aliyepata muda wa kutosha gerezani.

MZEE WA UAMSHO: Mnyang'anyi msalabani hakuwa na muda wa kumrudishia mtu yeyote, na aliambiwa leo. Watu aliowaua, kama aliua, hawakuulizwa. Neema ikisubiri ruhusa ya aliyekosewa haitakuwa neema, na binadamu wote watapotea. Kuhusu mwalimu, Mungu ni hakimu mwenye haki, na si kazi ya mwanadamu kumfungia mlango.

PADRI: Mzee amesema sasa hivi, kuhusu mwalimu, kile alichokataa kukisikia kuhusu waliobatizwa wa Kampala: kwamba hakuna anayejua ila Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba hata wasiomjua Kristo bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yao, wanaweza kupata wokovu. Kuhusu muuaji, ndiyo maana Wakatoliki wanakiri toharani, ile hali ya kutakaswa baada ya kufa kwa mtu aliyesamehewa lakini ambaye madhara ya dhambi yake hayajaponywa. Kusamehewa si kutakaswa. Hawezi kukaa meza moja na mwalimu kabla hajautazama uso wake na kuubeba ukweli wa alichokifanya, hata kama itachukua kile ambacho hapa duniani kingeitwa muda mrefu. Shahidi wa wokovu wake si mdomo wake, wala si padri wala ushirika, bali ni Mungu atakayewakutanisha siku ya mwisho.

MZEE WA UAMSHO: Mjane wa mwalimu hawezi kuisubiri siku hiyo, Baba Padri. Muuaji ametoka gerezani, nyumba zao zinatazamana, na Jumapili hii atasimama kanisani aseme kuwa Yesu amemwokoa, naye mjane ameketi benchi la pili. Ushirika utamuuliza muuaji kama amekwenda kwake kwanza, kama amemwonyesha mwili ulikofukiwa, na kama analima shamba lake ambalo halina tena mwanamume wa kulilima. Asipokuwa amefanya hayo, ataambiwa aketi. Akiwa ameyafanya, mjane ndiye atakayeamua kama ataitikia wimbo au atanyamaza, na hakuna mzee wa Uamsho mwenye mamlaka ya kumlazimisha.

MHADHIRI WA THEOLOJIA: Na akinyamaza?